Zinjifuri Kwenye Chetezo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha dawa cha hospitali ya mjini, niliambiwa nisiguse kitu. Ulikuwa mwaka 1965, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivaa gauni jeupe ambalo mama alilitia wanga na kulipiga pasi mpaka likawa linataka kusimama peke yake. Nilidhani nitapewa kinu nianze kusaga. Badala yake Bwana Mkuu wa Dawa, mtu mrefu na mkavu, kofia yake ya viua imekaa sawasawa kichwani, alinionyesha kigoda pembeni mwa dirisha la kutolea dawa.

"Leo utatazama tu, Bi Zuhura."

"Naam, Bwana Mkuu."

"Na kesho pia."

Nilitazama kwa siku tisa. Nyinyi vijana wa leo mnaopewa koti na funguo siku moja, hili mtalicheka. Lakini siku ya kumi niliposhika mizani mkono wangu haukutetemeka, kwa sababu macho yalikuwa yameshajua kazi kabla ya vidole. Nasema bila haya kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi sikupata kuona mchanganyaji dawa aliyenizidi kwa mkono mtulivu, isipokuwa yeye aliyenifundisha. Mkono wake huo nitauzungumzia tena.

Wakati ule, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, wafanyakazi wengi wa zamani walikuwa wameshaondoka mjini. Rafu zilijaa chupa za kahawia mpaka dari, na wenye kujua kuzisoma walikuwa wachache. Ndiyo maana binti wa mtaa wa Kikwajuni kama mimi akaitwa kazini. Dawa nyingi hazikuja tayari kwenye pakiti kama mnavyoziona sasa, tulizichanganya wenyewe. Dawa ya maji ya kunywa tuliiita mikscha. Dawa ya kupaka, iliyokorogwa na mafuta juu ya kigae cha kioo, tuliiita malhamu. Mizani ya shaba ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo wa feni usiisukume, na mawe yake madogo hatukuyashika kwa vidole bali kwa koleo, kwani hata jasho la mkono lina uzito.

Bwana Mkuu alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa kusoma kibandiko mara tatu: unapoitoa chupa kwenye rafu, unapomimina, na unapoirudisha. Hiyo niliishika upesi. Ya pili ilikuwa ya mdomo, na hiyo ilinitoa machozi. Siku moja nilimpa mama mmoja mikscha ya mwanawe, nikamwambia, "Kijiko kimoja asubuhi," kisha nikaitwa ndani, nikaenda. Bwana Mkuu alitoka mbio, mtu wa makamo na kofia yake, akamkimbilia mama yule mpaka langoni, akamrudisha. Alimweleza mpaka mwisho, kijiko gani, mara ngapi, aache lini, asichanganye na nini. Mama alipoondoka alinigeukia.

"Umempa nusu ya maneno. Nusu ya maneno ni dawa gani?"

"Nliitwa, Bwana Mkuu."

"Ukiitwa na mfalme, mfalme angoje! Maneno ya dawa hayakatwi."

Nililia chooni, nikajipangusa, nikarudi kazini. Sikurudia kosa hilo dirishani hata siku moja, lakini sikujua kama mtu anaweza kulirudia mahali pengine.

Mwaka 1970 tuliletewa mfamasia kutoka Uchina. Madaktari wa Kichina walikuwa wameshazoeleka hospitalini, watu wakiwasifu kwa kazi na kwa kupanga foleni ya maji pamoja na wagonjwa. Huyu, Bwana Wen, alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito, na Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni. Alikisema taratibu, neno baada ya neno, na akikosea alirudia sentensi tangu mwanzo. Nilipangiwa kufanya naye kazi kwa kuwa nilikuwa mvumilivu, hivyo ndivyo alivyosema Bwana Mkuu, ingawa nadhani alitaka mtu wa kumsimulia baadaye kila kilichosemwa.

Siku moja tulikuwa tunasafisha rafu ya chini kabisa, tukakuta kichupa cha zebaki. Mnaijua zebaki, madini yale yanayotiririka kama maji na kung'aa kama fedha. Bwana Wen alikishika kichupa kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza polepole.

"Hii imeua wafalme wangu," alisema.

Ndipo alipoanza kunipa habari za mafundi wa uhai. Zamani sana, alisema, wafalme wa Uchina walikuwa na kila kitu isipokuwa muda. Mfalme wa kwanza aliyeziunganisha nchi zote chini ya kiti kimoja alituma majahazi baharini kutafuta visiwa ambavyo watu wake hawafi. Majahazi hayakurudi. Wafalme wa baada yake wakaona dawa ipikwe nyumbani. Katika makasri kukawa na mafundi wenye vyeo na mishahara, kazi yao moja tu, kupika dawa ya kumfanya mfalme aishi milele. Walikuwa na vyungu vilivyozibwa kwa udongo wa aina saba, na meko yaliyowaka siku nyingi bila kuzimwa.

Kitu walichokipenda kuliko vyote kilikuwa jiwe jekundu, lile ambalo hapa kwetu tunaliita zinjifuri, ambalo waandishi wa zamani walilisaga kupigia mistari miekundu kandokando ya kurasa. Ukilichoma, jiwe hilo linatoa zebaki, jekundu linageuka jeupe. Ukiichukua zebaki hiyo ukaipika tena na kiberiti cha unga, yaani salfa, linarudi jekundu kama lilivyokuwa. Mafundi waliona jiwe linakufa na kufufuka mbele ya macho yao. Wakasema, anayelila naye atafufuka. Hata mimi, niliyesoma, lilinisisimua.

Kazi ilikuwa nyingi, kwa hivyo Bwana Wen alinisimulia kwa vipande, kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Nami kila kipande nilikipeleka barazani. Nyuma ya chumba cha dawa kulikuwa na baraza ya mawe ambapo tulikunywa kahawa baada ya sala ya adhuhuri, na sitajificha nyuma ya unyenyekevu nisiokuwa nao: nilikuwa msimulizi hodari. Niliwaiga mafundi wakipepea moto. Niliiga wafalme wakisimama mbele ya kioo kutafuta kama mvi zimepungua. Wauguzi walikuja na vikombe vyao, madereva wakaja, hata mpishi akaacha sufuria. Bwana Mkuu alikaa ukingoni, uso ameuelekeza upande wa pili kama mtu asiyesikiliza.

Kipande cha mwisho nilichosimulia kilikuwa cha sisimizi. Mafundi waliwaambia wafalme kwamba dawa ikianza kushika, mtu atahisi kama sisimizi wanamtambaa mwilini. Asiogope, hiyo ni alama njema, uhai mpya unaingia.

"Wanakuja baada ya siku ngapi, hao sisimizi?" Bwana Mkuu aliuliza ghafla. Ndilo swali pekee alilowahi kuuliza.

Tulicheka sote. Nikasema, "Nipeni mpaka kesho, niwaletee lililobaki." Lililobaki nilikuwa nalo tayari, Bwana Wen alikuwa ameshanimalizia. Nililiweka akiba kwa ajili ya utamu, kama mpishi anavyoficha nyama chini ya wali.

Kesho yake ilikuja barua ya uhamisho. Mwenzetu wa kituo cha Matemwe alikuwa anauguliwa na mama yake, nikatakiwa nikashike nafasi yake kwa miezi mitatu, niondoke asubuhi ileile. Hadithi niliisahau kabla gari halijatoka mjini.

Matemwe palinifaa. Kituo kilikuwa cha vyumba viwili, na Msaidizi wa Mganga aliyekuwa mkubwa wangu alikuwa mtu wa vichekesho aliyeniita "Profesa wa Mikscha". Wengi waliokuja kwetu walikuwa wamechomwa na miba ya samaki au wamekatwa miguu na matumbawe. Nilijifunza kutengeneza malhamu bila kigae, juu ya sahani ya kulia, na kupima maji kwa kikombe nilichokitia alama kwa kisu. Nilirudi mjini mwanzoni mwa mwaka 1971, nimeungua jua na nimejaa majigambo.

Bwana Mkuu alinipokea akiwa na leso mdomoni.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Ameniita mwanangu, kazini! Nilifurahi mpaka nilipomwona akiandika kibandiko. Maandishi yake yalikuwa kama ya kuchapwa, yamenyooka, kila mtu hospitalini aliyajua. Sasa yalikuwa yanapanda na kushuka. Aliposhika koleo, jiwe la mizani liligonga kioo mara tatu kabla ya kutua. Mate yalimjaa kinywani kila akisema, ndiyo maana ya leso, na fizi zake zilikuwa na rangi mbaya. Hata hivyo alikuwa na furaha ya ajabu, macho yanametameta.

"Unaumwa, Bwana Mkuu?"

Alitazama mlango, akaniinamia. "Sisimizi wameshakuja, Zuhura. Tangu mwezi uliopita."

Nilikaa kwenye kigoda kilekile cha siku ya kwanza.

Alinieleza yote kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya furaha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mwanawe wa pekee, Salma, alizaliwa baada ya yeye na mkewe kukata tamaa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. "Akifika kuolewa mie nipo kaburini," alisema. "Nani atampa mkono mume wake siku ya nikaha?" Alikuwa amenunua zinjifuri sokoni Darajani. Kuila hakutaka, kwani yeye ni mtu wa dawa, alijua kwamba madini ya zebaki hayaliwi. Basi akaona njia ambayo kwa akili zake ilikuwa salama. Kila jioni baada ya kuoga, pale sote tunapojifukiza udi, alilinyunyiza jiwe lile juu ya makaa ya chetezo, akajifunika shuka gubigubi, akavuta moshi wake.

"Moshi tu," alisema. "Sikumeza hata punje. Na Ijumaa hii, inshallah, ntaanza kumfukiza na mwanangu."

Ilikuwa Alhamisi.

"Bwana Mkuu, hadithi haikwisha," nilimwambia. "Nliondoka kabla ya kuimaliza. Wale wafalme walikufa. Ile dawa ndiyo iliyowaua, mmoja baada ya mwengine, mtoto alipokea kiti cha baba na dawa ya baba. Wale sisimizi ni sumu!"

Uso wake ulikunjamana. "Wale hawakuwa na ilimu ya mizani. Mie napima."

"Na mtoto, utampima kwa nini?"

"Toka, Bi Zuhura. Na haya nliyokwambia yasitoke humu."

Nilitoka. Sitaki mdhani nilikuwa shujaa. Nilisimama ukumbini nikahesabu hasara zangu. Nikisema, nimevunja amana ya mkubwa wangu na kazi imekwisha. Watu wakisikia nusu tu, watasema Mchina amempa sumu Mzanzibari, na Bwana Wen atapata balaa kwa jambo asilolijua. Nikinyamaza, kesho magharibi mtoto wa miaka mitatu atawekwa chini ya shuka. Nilipofika hapo sikuendelea kuhesabu. Nilimwendea Bwana Wen nikamwambia kila kitu, tangu kahawa ya barazani mpaka sisimizi.

Alivua miwani. "Moshi?" aliuliza. "Moshi ni mbaya kuliko kula. Likiliwa, jiwe lile hupita taratibu. Moshi unaingia damuni papo hapo." Akafikiri kidogo. "Nyumbani kwake, kuna dhahabu?"

Sikumwelewa, lakini nilimpeleka. Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa tulibisha hodi kwa Bwana Mkuu. Mkewe, Bi Asha, alitukaribisha sebuleni. Salma alikuwa sakafuni anamfunika mwanasesere kichwa kwa ukaya. Bwana Mkuu alitoka chumbani, akaniona na mgeni wangu, akaelewa, na yale macho aliyonitazama nayo sitaki kuyakumbuka.

Bwana Wen hakuzungumzia wafalme wala zebaki. Aliamkia, akakaa, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Bi Asha, samahani. Bangili zako unaziweka wapi?"

Bi Asha aliguna. "Usinitie uchungu! Bangili za mahari yangu hizo. Nazivua nikipika, naziweka rafuni chumbani. Sasa zimekuwa nyeupe. Nshamwendea sonara nimemfokea, anaapa kwamba ni dhahabu tupu."

Alizileta. Zilikuwa mbili, na kweli zilikuwa na mabaka meupe ya kijivu, kana kwamba zimelambwa na fedha. Bwana Wen alizipokea, akamwekea Bwana Mkuu kwenye kiganja. Kiganja kilitetemeka, bangili zikagongana.

"Mafundi wa uhai walipenda dhahabu," alisema, "kwa sababu haiozi. Haishiki kutu. Hii ilikaa rafuni tu, moshi ukaigeuza. Haikujifunika shuka."

Bwana Mkuu alizitazama zile bangili muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupima na kuona, na sasa kipimo kilikuwa mkononi mwake. Salma alikuja akapanda magotini pake, akaishika bangili moja akataka kuivaa. Aliinyakua kwa nguvu mpaka mtoto akalia, kisha akamkumbatia naye akalia vilevile. Sikuwa nimewahi kumwona analia. Bi Asha alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, haelewi, mpaka nilipomvuta ndani nikamweleza.

Hospitalini, tulikompeleka Bwana Mkuu jioni ileile, daktari wa zamu aliuliza sumu imetoka wapi. Nilisimama nikasema, "Ni hadithi yangu. Nliikata katikati."

"Ni moshi wangu," Bwana Mkuu alisema kutoka kitandani. "Mwache huyu mtoto."

Dawa yake ilikuwepo. Ni sindano iliyochanganywa na mafuta ya njugu, inayokamata madini mwilini na kuyatoa kwa mkojo. Boksi lake lilikuwa nyuma ya rafu ya tatu, na nilijua lilipo kwa sababu yeye mwenyewe alinilazimisha nikariri rafu zote, kwa kutazama tu, siku zile tisa. Sindano ile inauma na inanuka kama vitunguu vilivyooza. Alichomwa kwa siku nyingi, akanitukana kwa kila sindano, na kila tusi nililipokea kwa raha. Bi Asha na mtoto walipimwa pia, wakaonekana salama. Zinjifuri iliyobaki Bwana Wen aliifunga kwenye chupa kwa nta akaondoka nayo, na chumba kikaachwa madirisha wazi kwa wiki nzima.

Mate yaliisha, fizi zikapona, sisimizi wakaondoka. Mkono haukupona. Alijaribu mizani mara moja tu, jiwe likagonga kioo, akalirudisha kwenye kisanduku. Mwaka huohuo aliomba kustaafu. Siku ya mwisho aliniita mbele ya wote, nikajua nitafukuzwa, na ningesema nimestahili. Alinikabidhi koleo.

"Sasa utapima wewe," alisema. "Na ukisimulia, simulia mpaka mwisho."

Nilikishika chumba kile, baadaye nikahamishiwa Kiembe Samaki nikawa Mkuu wa Dawa mwenyewe, na niliwasumbua vijana wangu kama nilivyosumbuliwa. Wapo walioniona mkali. Nilikuwa mkali, na hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa mkono wangu. Kwa mdomo wangu alidhurika mmoja, na huyo ndiye niliyempenda kuliko wakubwa wote. Bwana Wen alirudi kwao muda wake ulipokwisha. Alipoaga aliniomba nimsimulie ile hadithi kwa Kiswahili safi, akaisikiliza yote akiwa amesimama, mzigo mkononi.

Salma aliolewa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Nikaha ilisomwa sebuleni kwao, nasi wanawake tulijazana nyuma ya pazia. Niliona Bwana Mkuu akinyoosha mkono kumpa bwana harusi. Mkono ulikuwa unatetemeka, ukatetemeka mpaka mkono wa yule kijana nao ukatetemeka. "Maskini, furaha hiyo," mama mmoja kando yangu alisema. "Uzee," mwengine akasema. Bi Asha alinifinya kidole, bangili zake mbili zenye mabaka mkononi.

Baada ya nikaha nilimwendea nikampa hongera. Alinikalisha kando yake, akanipa kikombe cha kahawa kilichomwagika nusu njiani.

"Zuhura, wale wafalme wako waliishi miaka mingapi?"

"Wengi hawakufika hamsini, Bwana Mkuu."

Alihesabu kwa vidole vyake visivyotulia, akaanza tena, kisha akacheka.

"Mie sabini na sita," alisema. "Na chetezo sikigusi."